Mtego Usioguswa

Fuko hapendi upepo. Ukitoboa njia yake atakuja mbio kuiziba, akisukuma udongo kwa kichwa, na hapo ndipo Wamae wa Gakindu alipomnasa: kitanzi cha waya ndani, kamba ya kukizuia, na juu kijiti kilichopindwa ambacho hufyatuka kamba ikikatika. Kazi aliijua, hilo hatumnyimi. Lakini masharti yake, jamani! Mtu asiguse mtego, hata mkewe Gathoni, ati harufu ya mkono mwingine humfukuza fuko. Juzi Gathoni alichomoa kijiti kimoja akasemwa mpaka akalia.

Asubuhi hiyo Wamae alitega kando ya viazi vitamu vya mkewe, kisha akaingia kwenye shimo la choo alilokuwa akichimba papo hapo. Lilimfika mabegani. Alipoinama kung'oa jiwe, ukuta uliotobolewa na fuko miaka nenda miaka rudi ukamwangukia.

Ubao wa kukanyagia aliouweka mdomoni mwa shimo ulimkinga kichwa, ila mwili ulibanwa wote isipokuwa mkono mmoja. Aliita, sauti ikaishia kwenye udongo. Hewa ilimjia kwa tundu moja karibu na pua, nayo ilikuwa njia ya fuko. Akamshukuru Mungu. Mara akasikia mkwaruzo, udongo laini ukaanza kumwagika usoni. Fuko amekuja kuziba.

Wamae aliogopa, tena sana. Akafukua kwa vidole, fuko akarudisha, akafukua tena, mpaka mkono ukazama hadi kwapani na kugusa waya wake mwenyewe. Akaivuta kamba ili mtu akione kijiti, ikakatika. Kijiti kikafyatuka, kitanzi kikamkaba kiganja.

Ndipo akakumbuka masharti yake. Gathoni alikuwa jikoni, mlango wazi, na angekiona kijiti kimesimama. Angekiona, akae kitako amngoje mwenye mtego. Nani angemlaumu? Wamae alilia, akijichukia.

Kumbe Gathoni alikuwa amechoka kuogopa kijiti. Viazi ni vyake, acha asemwe. Alikivuta, kikakataa. Akapiga jembe, akaona vidole vya mtu, akapiga mayowe majirani wakaja mbio.

Walipofukua uso wa Wamae, Gathoni alikuwa bado ameushika waya.

"Baba Njoki, nimegusa mtego wako."

Wamae alitema udongo.

"Gusa," akasema. "Gusa yote."