Neno Moja kwa Wateja Wote

Sitaficha: nilimwonea Déborah wivu. Tena siyo ule wivu wa kupita, wa kuona kitenge kizuri kanisani ukakisahau ukifika nyumbani. Huu ulilala na mimi, ukaamka na mimi, ukanywa na chai yangu.

Mimi ni Pétronille, niko na secrétariat hapa Kilibula mwaka wa kumi na sita sasa. Naandika barua za watu, natoa kopi, natuma imeli. Huyo Déborah nilimpokea mimi, akiwa bado anatafuta herufi A kwenye klavye kwa kidole kimoja. Nikamfundisha kazi yote. Miaka minne alikula kwenye sahani yangu. Halafu mwaka 2021 akaniambia, "Mama, minye natafuta kujitegemea." Akajitegemea wapi? Ng'ambo ya barabara! Mlango wake unatazama mlango wangu. Asante ya punda ni mateke, hawakukosea waliosema.

Sasa yeye iko na laptop mbili mpya, mlango wa kioo na viti vya watu kungojea. Mimi niko na mashini yangu ya Windows 7 inayonguruma kama ya kusaga mihogo. Wateja wakimwita "Madame Déborah," navuta mlango wangu nisisikie. Madame! Mtoto aliyekuwa anafagia hapa!

Niwaambie na jambo lingine, maana ndilo lililonitia aibu. Wateja wangu hawajui neno la siri la imeli zao. Mimi ndiye niliyewafungulia masanduku, mimi naandika, mimi nasoma, wao wanakuja tu kuuliza, "Mama Pétro, kuna kitu?" Ndivyo tunavyofanya huku, na hakuna aliyelalamika. Déborah alipoondoka alikuwa anayajua maneno yote, kwa hiyo nilikaa siku mbili nikayabadilisha. Nikawawekea watu wote neno moja, nisije nikasahau. Nilikuwa na hasira siku zile. Neno lenyewe lilikuwa deboramwizi2021.

Nililiandika kwa raha, Mungu anisamehe. Baadaye mashini ikalikariri, ikawa inalijaza yenyewe, na mimi nikaacha kulifikiria.

Mwaka huu Déborah akanitumia ujumbe: "Mama, navigateur yako imezeeka. Wezi wanaweza kupita hapo. Nikuje nikuwekee ingine, bure." Navigateur ni lile dirisha la kuingilia mu internet. Nikasema, loo, mwizi ananifundisha juu ya wezi! Sikujibu. Mwezi uliofuata akatuma tena. Sikujibu tena.

Ijumaa moja, saa tatu asubuhi, Consolée akaingia akihema. Consolée anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, Kalundu, bandarini. Binti yake Charlotte alikuwa ameomba nafasi kwenye shule ya wauguzi kule Bukavu.

"Mama Pétro, wamenipigia simu! Wanasema barua iko kwenye imeli tangu Jumatatu. Tusipojibu mbele ya saa sita leo, nafasi wanampa mwingine. Na Charlotte iko Bijombo kwa bibi yake, kule network haifiki."

Nikafungua. Ikaja karatasi nyeupe na maneno kwamba navigateur hii haikubaliwi tena. Nikajaribu ile programu yangu ya zamani ya kupokea barua; ikazunguka, ikazunguka, ikakataa. Nikazima mashini, nikawasha. Nikapuliza hata vumbi. Ikafika saa nne na nusu.

"Namwita Déborah," Consolée akasema.

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Mtoto wangu amengoja miaka miwili!" Kabla sijafunga mdomo, alikuwa amekwisha kuvuka barabara.

Déborah akaja na kucha zake za rangi, akanisalimia kwa heshima, akakaa kwenye kiti changu. Kiti changu! Wateja wake watatu wakamfuata, wakasimama mlangoni kuchungulia. Nasema wazi: nilitamani ashindwe mbele yao. Halafu nikamwona Consolée anaangalia saa kwenye simu yake, nikaona haya, lakini wivu haukuondoka.

Hakushindwa. Alichomeka clé yake, kile kijiti cha USB cha kubebea programu, akawa anaeleza huku vidole vinakimbia. "Mama, navigateur nyingi zilishaacha mashini kama hii. Firefox iko na toleo walilolibakiza kwa ajili ya mashini za zamani, na bado wanalipelekea marekebisho ya usalama. Nimelichukua kwa wenyewe waliolitengeneza, siyo kwenye clé za watu wa soko."

"Na programu ya barua?" nikauliza kwa ukali, nipate pa kumkamatia.

"Zile mpya hazikubali Windows hii, na za zamani hazipati tena marekebisho. Bora barua uzisomee humu humu mu navigateur. Lakini siyo ya milele, mama. Anza kutafuta mashini ingine."

Alijibu vizuri, na hilo likaniuma zaidi.

Saa tano na robo sanduku la Consolée likaonekana, likaomba neno la siri. Dirisha jipya halikuwa limekariri kitu. Nikanyoosha mkono haraka. "Sogea, minye mwenyewe naandika."

"Hapana, mama," Déborah akasema kwa upole. "Sanduku ni lake. Aandike mwenyewe, ajue neno lake. Hii desturi yetu ya mtu mmoja kushika siri za wote, tuiache." Akampisha Consolée kwenye kiti, kisha yeye mwenyewe akageukia ukuta asione klavye.

Nikainama kwenye sikio la Consolée, nikanong'ona.

"Nini? Sema kwa nguvu! Masikio yangu yaliisha kwa kelele za mashua. Sema herufi moja moja."

Ningeweza kusema nimesahau. Lilikuwa pale kwenye ulimi: nimesahau. Saa sita ingepita, nafasi ya Charlotte ingekwenda, na heshima yangu ingebaki nzima. Nilifikiria hivyo, siwadanganyi. Nilimwangalia Consolée, kidole chake juu ya klavye, kinangoja.

"D," nikasema.

"D," akarudia kwa sauti, akitafuta. "Endelea."

"E. B. O. R. A."

Consolée akacheka. "Debora! Kumbe ni jina la huyu mtoto!"

Déborah akageuka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Mama," akasema, "minye nilifikiri ulishanitupa."

Ningekufa saa ile ningeshukuru.

"Imekwisha?" Consolée akauliza.

"Bado."

"Herufi gani?"

"M," nikasema. "W. I." Nikaangalia sakafu. "Z. I."

Consolée alizirudia zote, moja moja, kwa nguvu, na wale watatu wa mlangoni wakasikia. Hakucheka tena. Nikamalizia na ule mwaka.

Sanduku likafunguka. Barua ilikuwa pale juu kabisa. Consolée akasema maneno, Déborah akayaandika, jibu likaenda saa tano na dakika arobaini. Punde shule ikajibu kwamba wamepokea, Charlotte aje na nyaraka zake. Consolée akapiga kigelegele, akatukumbatia wote wawili, mimi wa kwanza.

Alipokwisha kuondoka, Déborah alikuwa bado anatazama klavye.

"Mama, nani wengine wako na neno hili la siri?"

"Wote."

"Ni wangapi?"

"Arobaini na watatu."

Akafuta uso kwa kiganja, akachomoa clé yake. "Basi waite Jumatatu," akasema. "Kila mmoja aje ajiandikie, halafu abadilishe. Nitakuja kuwasaidia."

Jumatatu alikuja saa mbili kamili, akakaa pembeni yangu, na mimi nikaanza kumsomea mteja wa kwanza herufi za lile neno, kuanzia D.