Maneno Mgongoni mwa Sweta

Cherehani ilikuwa katikati ya pindo la suruali simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa mwalimu wa nidhamu. Fundi aliambiwa aje shuleni sasa hivi, na aje na wembe.

Ofisini alimkuta bintiye wa kidato cha nne amegeuzwa uso ukutani ili mgongo usomeke. Kwenye sweta la shule alikuwa ametarizi kwa uzi mweupe: TUPENI MILANGO YA CHOO. Mshono ulikuwa umenyooka, na fundi, Mungu amsamehe, aliona fahari kabla ya kuona hofu.

"Mama, sare si ubao wa matangazo," mwalimu alisema. "Fumua hapa hapa nione. La sivyo hafanyi mtihani, na zimebaki wiki mbili."

"Nitafumua, mwalimu. Tusamehe sana." Mwenye nguvu mpishe, ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyolea. "Ila nimetoka mbio. Naomba kwanza kwenda chooni."

"Cha walimu kimefungwa. Binti akupeleke chao."

Vilikuwa vyumba vinne vilivyotazamana na uwanja wa mpira. Bawaba zilikuwepo, milango haikuwepo. Wavulana walikuwa wakicheza.

"Huwa mnafanyaje?" fundi aliuliza.

"Tunabana mpaka nyumbani. Wengine wakiwa kwenye siku zao hawaji kabisa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema nivumilie, mama."

Ni kweli, angesema hivyo. Binti alivua sweta, akalitandaza mlangoni kwa mikono miwili. Fundi alichuchumaa akitazama mafundo ya uzi upande wa ndani. Huko uwanjani mtu alicheka. Aibu ilimpanda mama wa watu mpaka machozi yakamlenga.

Walirudi ofisini.

"Haya, mama. Wembe."

"Sifumui," fundi alisema. "Mwandikie barua ya kumsimamisha. Lakini kosa lake liandike neno kwa neno, halafu piga mhuri."

Mwalimu alichukua kalamu. Aliandika tarehe, kisha: alikutwa amevaa sweta lenye maneno. Hapo kalamu ikasita.

"Maneno gani, mwalimu?" binti aliuliza, kwa adabu zote.

Mwalimu aliichana karatasi ile, akachukua nyingine, akaandika "mavazi yasiyofaa", akagonga mhuri. Fundi aliisoma barua mara mbili, akairudisha mezani.

"Haijasema choo," alisema.

"Mama, nenda nyumbani."

Fundi aliketi kwenye benchi, akampisha bintiye nafasi ubavuni. "Tutasubiri uandike."