Vidonge vya Nondo

Nilikuwa natunga uzi kwa mara ya nne, dada yangu aliponipokonya sindano.

"Lete hapa. Utajichoma, na damu yenyewe ya kuazima!"

Nilikuwa nje ya duka langu la ushonaji, siku ya tano tangu nitoke hospitali. Ndani alinikataza nisitie mguu. Alikuwa amejifunga kitambaa puani, akitoa makoti ya wateja sandukuni na kuyaanika.

Miaka yote niliyawekea makoti hayo vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo. Mwaka huu nilimimina pakiti nzima, nikashinda wiki nimeyainamia. Macho yakawa manjano, mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi. Daktari alininusa shati kabla hajanipima. Baadaye, nilipokwisha kuongezwa damu, akanieleza polepole: chembe zangu nyekundu za damu zimekosa tangu kuzaliwa kitu fulani cha kuzilinda, na dawa ile ya nondo inazipasua haraka kuliko mwili unavyozitengeneza. "Kaa mbali nayo, utapona. Ukiirudia, tutaonana tena hapa, kama utawahi."

Kabla ya adhuhuri akaja bwana harusi.

"Fundi, umekonda! Koti langu vipi? Jumamosi naoa."

"Limo sandukuni. Bado mikono."

"Mikono tu? Si nusu saa hiyo?"

Ilikuwa nusu saa kweli. Sijawahi kumwangusha bwana harusi. Nikainuka, nikashika fremu ya mlango, moyo ukienda mbio kama niliyepanda ngazi. Ile harufu ikanipokea.

"Mtoto," dada akasema, bila kupaza sauti. Ananizidi miaka tisa. "Nilikaa na wewe siku kumi na moja wodini. Sina nguvu za nyingine."

Nikarudi kitini. Nilivuta pumzi kwanza, ndipo nikamwambia mteja, "Lipeleke kwa fundi wa ng'ambo ya barabara."

"Yule unayesema anashona magunia?"

"Huyohuyo. Mikono anaijua. Mwambie aliache juani kwanza."

Nikafungua daftari, nikamsomea vipimo vyake, naye akaviandika kiganjani. Dada akamkabidhi koti. Nililitazama likivuka barabara.

Jua lilipopungua, dada alikuwa amemaliza sanduku moja kati ya matatu. Akafunga mlango, akaacha madirisha wazi.

"Hayo mawili kesho," akasema. "Haya, simama taratibu."

Nikampa mkono.