Soseji za Kivukoni

Asali haipakwi mapema. Ukiipaka wakati soseji bado mbichi, inaungua nje na ndani nyama inabaki nyekundu, na mgeni wako anatafuna uchungu huku akikusifia kwa adabu. Unasubiri. Unageuza, unageuza tena, mpaka ngozi iwe ya kahawia na mafuta yaanze kuchuruzika. Ndipo unachovya bua la mchaichai kwenye bakuli la asali, ndimu na tangawizi, unapaka harakaharaka, unaipua. Nilikuwa hapo hapo, bua mkononi na moshi machoni, mke wangu Digna aliponiita kutoka kwenye mkeka.

“Wende, wameshiba?”

“Hata hawajaanza vizuri.”

“Basi zidisha. Nataka wale mpaka walegee.”

Digna hayupo tena. Nakwambia mapema ili usije ukakaa hapo ukitumaini. Mimi nilitumaini, na sikutakii hali ile.

Tulikuwa Kivukoni, hapa Ifakara, chini kidogo ya daraja, Jumapili baada ya misa ya kwanza. Kilikuwa kiangazi, mto umenywea ukaacha mchanga mweupe, na wavuvi walikuwa wamepindua mitumbwi yao wakiziba nyufa kwa lami. Majirani walikuwa wamenicheka nilipopakia kwenye bajaji lile jiko langu la pipa lililopasuliwa, na wavu, na beseni la nyama. Mtu una nyumba, una ua, unakwenda kulia chakula mtoni? Mambo ya Wazungu hayo! Niliwaacha waseme. Ni Digna aliyepachagua. Utotoni, yeye na ndugu zake wakitoka Malinyi na mama yao kuja mjini, walikuwa wakisubiri pantoni pale pale, na mama aliwachomea samaki wasilie njaa. Digna alitaka ndugu zake wakumbuke kwamba waliwahi kula kutoka mkono mmoja.

Figo zake zilikuwa zimekufa. Zote. Daktari alisema hivyo bila kuzungukazunguka, na ninamshukuru kwa hilo. Mashine ilimsafisha damu, akarudi nyumbani amenyong'onyea, akaanza kuvimba, akarudishwa kwenye mashine. Maisha yakawa hayo. “Tafuteni figo kwa ndugu,” daktari alisema, “mashine inasukuma siku tu.” Mimi nilikuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Wakanipima, wakanirudisha na kisukari changu ambacho hata sikujua ninacho. Watoto hatukujaliwa. Kwa hiyo dunia nzima, na wingi wake wote wa watu, ikabaki na watu watatu: kaka yake Amedeus, mdogo wake Kristina, na Gosbert, kitinda mimba.

Kwetu jambo kama hilo linaitiwa kikao. Digna akakataa katakata.

“Kikaoni kila mtu anakuja na uso wa kikao,” aliniambia. “Nataka niwaombe wakiwa wanacheka.”

Mimi ni mpishi wa hosteli ya masista, na soseji nilifundishwa na mtawa mmoja mzee, mkali kama pilipili kichaa. Basi nikasaga nyama ya nguruwe, nikaosha utumbo mpaka ukang'aa, nikajaza, nikafunga. Na kila nilipotia chumvi nilikuwa najua kwamba mwenye shughuli hataonja hata kipande, maana chumvi kwake ilikuwa sumu. Chakula chake kilikuwa wali mweupe uliochemshwa hivi hivi, ndani ya kibakuli chenye mfuniko, na kikombe kidogo cha maji cha kulowesha midomo. Mto mzima ule unapita mbele yake, na yeye analowesha midomo. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia Mungu, nasema kweli.

Amedeus alitangulia kufika. Ni katekista huko Malinyi, mtu wa kupima kila neno kama anauza dhahabu. Akaja Kristina na mumewe Polycarp, mwanyumba wangu, ambaye kwa utani hajawahi kushindwa na mtu. “Mgeni njoo, mwenyeji apone!” alipiga kelele kabla hata hajashuka kwenye pikipiki.

“Amina,” Digna akamjibu, akicheka. Alikuwa amejipaka mafuta na kufunga kitenge kipya, ukimtazama harakaharaka usingejua.

Gosbert akaja mwisho, kutoka Kidatu, anakoendesha trekta kwenye mashamba ya miwa. Mama yao alipofariki, Gosbert alikuwa bado ananyonya. Digna ndiye aliyembeba mgongoni na kumwachisha kwa uji, yeye mwenyewe akiwa msichana wa shule. Mpaka ndevu zinamwota alikuwa akifika kwetu anafunua sufuria kwanza ndipo anasalimia.

Wakala. Loo, walikula! Asali iliwachuruzika mpaka kwenye viwiko. Kristina alilamba vidole kama mtoto, na hata Amedeus alisahau kupima maneno, akasema tamu, tamu sana. “Mwanyumba,” Polycarp akanisuta, “soseji hii inanitukana. Tamu hivi, halafu fupi!” Watu wakacheka. Digna akawatazama, mmoja baada ya mwingine, kwa upendo ulioniuma kifuani. Polycarp akamwona.

“Shemeji, mbona unatutazama hivyo? Jamani, kuleni kwa tahadhari. Mla cha mwenzie na chake huliwa!”

Akacheka peke yake. Nani asiyekuwa amesikia? Habari za Ifakara hazihitaji nauli, na habari ya figo ilikuwa imeshafika Kidatu na Malinyi kabla ya mwaliko wetu. Gosbert aliacha kutafuna, shavu moja limejaa. Kristina akairudisha soseji yake kwenye sahani, polepole, upande alioung'ata ukitazama chini.

“Polycarp amenirahisishia,” Digna akasema. Sauti yake haikutetemeka. Yangu ingetetemeka. “Ndugu zangu, mnajua ninavyoumwa. Nyinyi mna figo mbili mbili, na daktari anasema mtu anaishi vizuri na moja. Naomba moja. Nimewalisha kwanza kwa sababu nawapenda, siwategi. Asiyeweza aseme, sitamchukia.”

Amedeus alikohoa. “Digna, mdogo wangu, jambo zito kama hili haliombwi juu ya mkeka. Lina kikao chake.”

“Kaka, tumo wote hapa. Kianze.”

“Ukoo ni mkubwa. Kuna baba wadogo kule Mahenge…”

“Wao ninawaheshimu. Ninakuomba wewe.”

“Nina presha, mama. Na umri huu. Tutakuombea. Nitatia nia ya misa.”

Nilitaka kumrushia koleo la makaa. Misa! Hakuna mtu anayekataa misa, lakini alikuwa ameombwa figo. Digna alimwitikia kwa kichwa tu, akamgeukia Kristina. Kristina akamtazama mumewe, na yule mcheshi wetu akawa na uso ambao sijawahi kumwona nao.

“Kristina bado anazaa, shemeji,” alisema.

“Nimemuuliza Kristina.”

“Dada,” Kristina akaanza, kisha akalia, akajifunika uso kwa kanga. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Ndipo Gosbert akasimama. “Nitatoa mimi! Dada, chukua yangu. Ulinibeba mgongoni, leo nishindwe kukupa kinofu cha mwili?”

Mungu wangu! Amedeus akafanya ishara ya msalaba. Kristina akapiga kigelegele ndani ya machozi yake. Mimi nilimkumbatia yule kijana na koleo langu mkononi, nikalia begani kwake kama mjinga, na nyuma yangu soseji zikaungua bila wa kuzigeuza. Hakuna aliyejali. Walizila hivyo hivyo, nyeusi, kwa njaa ya watu waliosamehewa. Polycarp akarudiwa na utani wake.

Jioni kwenye bajaji nilikuwa nikiongea bila kupumua. Tutakwenda Dar, atapimwa, watapangiwa siku, nitaomba ruhusa kwa masista. Digna alikuwa ameegemea kile chuma cha pembeni, amefumba macho.

“Kwani hukufurahi?” nikamuuliza.

“Hakuuliza kama inauma.”

“Nani?”

“Gosbert. Mtu anayetoa kweli angeuliza wanakata wapi, atalala hospitali muda gani, ataweza kupanda trekta tena. Yeye amesimama akatangaza, kama watu wanavyotangaza ahadi kwenye harambee ya kanisa.”

Nikamwambia ugonjwa umemfanya awe na roho ya kushuku.

Siku ya kwenda Dar tulikuwa stendi kabla jua halijawaka, begi miguuni. Gosbert tulikubaliana angesimama barabarani, basi letu limchukue njiani. Nikapiga simu yake, haipatikani. Nikapiga tena. Kondakta akatuuliza kama tunapanda au hatupandi. Mwishowe nikampigia mkewe, Eveline.

“Shikamoo, shemeji,” akasema. “Gosbert katoka alfajiri. Hata sijui kaelekea wapi.”

Na nyuma yake nikasikia mtu anakohoa. Kikohozi cha Gosbert ninakijua, kile cha vumbi la miwa iliyochomwa. Kilinipanda kichwani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtukane yeye na mkewe na trekta lake, Digna akanyoosha mkono akaichukua simu.

“Wifi Eveline, hujambo? Watoto wazima? Haya. Mwambie huyo aliye nyuma yako asijifiche. Mwambie aje nyumbani kunisalimia tu. Sitamwomba kitu tena.”

Basi likaondoka. Nilimfokea mke wangu pale stendi, mgonjwa yule, mbele za watu. “Ungemwacha! Ungemwacha aone aibu! Aibu ndiyo ingemleta!”

“Aibu itamleta kwenye maziko, Wende,” akasema. “Mimi namtaka kabla.”

Gosbert alichelewa, lakini alikuja. Mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milimani, na Digna alikuwa hatoki tena kitandani ila kwa kwenda kwenye mashine. Gosbert akasimama mlangoni, kofia mkononi.

“Shikamoo, shemeji.”

Nilimwitikia bila kumpa mkono. “Marahaba. Yuko ndani.”

Nikaenda nyuma kupasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa. Dirisha lilikuwa wazi. Mwanzoni nilimsikia Gosbert akilia, na Digna akimnyamazisha kwa lile neno la Kindamba wanalowabembelezea watoto. Halafu zikaanza sauti za kawaida, za chini, zikapanda, na baada ya muda nikasikia wanacheka. Wote wawili. Sikuwa nimemsikia mke wangu akicheka vile tangu aanze kuumwa. Nilisimama na shoka langu. Ningeweza kuingia wakati ule. Ningemshika shati nikamwambia mtazame, mtazame machoni, halafu umwambie hapana kwa mdomo wako. Pengine angeona haya, akabadilika, na tungepanda basi la kesho. Lakini Digna alikuwa ametoa neno lake, na kicheko kile ndicho alichokipata badala ya figo. Nilishindwa kumnyang'anya.

Gosbert aliondoka jua likiwa bado juu. Dada yake alijikongoja akishika ukuta, akamsindikiza mpaka kizingitini, akampungia mkono hadi alipopotea nyuma ya mahindi ya jirani. Nikamshika kwapani kumrudisha kitandani. Alikuwa mwepesi.

“Muda wote huo mlikuwa mnazungumza nini?” nikamuuliza.

“Mpunga,” akasema. “Anataka kulima kule bondeni mwakani. Nimemwambia awahi, asingoje mvua.”