Miwani ya Kupimia Harusi

Hakuna kazi iliyomchosha Aikande kama kueleza. Kupamba kumbi hakukumchosha. Angeweza kushinda juu ya ngazi akifunga vitambaa na kuchomeka maua, akashuka bado anaimba. Kilichommaliza ni kamati za harusi. Ukiwatajia rangi ya pichi, mmoja anaona chungwa bivu, mwingine anaona maziwa yaliyodondokewa na chai. "Fikirieni tu," angewaambia, nao wangefikiria, kila mtu na harusi yake kichwani, halafu siku ya siku ikifika wanamgeukia kwa jina la mwanawe: "Mama Princess, hivi ndivyo tulivyokubaliana?"

Basi aliposikia kwamba katika duka la kompyuta la Derick, pale mjini, imekuja miwani mikubwa ambayo ukiivaa unajiona umeingia mahali pengine kabisa, alisema hiyo ndiyo dawa yake. Kamati itaingia ukumbini kabla ukumbi haujapambwa, itatazama, itakubali, na maneno yatakuwa yameisha.

Mumewe, Ephraimu, muuza vipuri vya magari, akajitolea kumsindikiza. Hilo peke yake lingemshtua, maana mwanamume huyu hajawahi kumsindikiza hata sokoni Kwa Mrombo.

"Wewe unaenda kufanya nini?" Aikande aliuliza.

"Kushauri."

"Unajua nini habari ya hiyo miwani?"

Ephraimu akajikuna kidevu. "Nasikia ina ngumi pia."

Derick aliwapokea kwa maneno mengi na viti viwili vya plastiki. Tayari alikuwa amechukua picha ambazo Aikande alimtumia za ukumbi mmoja wa Usa River, akauchora wote kwenye kompyuta, na mapazia na maua yake. Sasa kilichobaki ni kuchagua chombo cha kuutazamia. "Ziko aina tatu, mama," alisema, akazipanga juu ya meza.

Mama yake Aikande alizoea kusimulia walivyokuwa wakipanga foleni kutwa nzima kutafuta kipande cha sabuni, na ukiipata huulizwi unataka yenye harufu gani. Aikande naye leo alisimama mbele ya meza iliyojaa akaumwa kichwa kwa ajili ya kuchagua.

Ya kwanza ilikuwa kasha la plastiki tu; unachomeka simu yako mwenyewe ndani, unafunga usoni. Ilikuwa nyepesi na ya bei ya huruma. Aikande alivaa, na kweli, akajikuta ukumbini. Alikuwa ndiyo kwanza anaitazama meza ya maharusi pakatokea mtetemo kwenye paji la uso, na juu ya meza, angani, yakaandikwa maneno makubwa kama tangazo la mkutano wa injili: SHANGAZI SUSANA.

"Anapiga!" alipiga kelele. "Nampokeaje?"

Wakati wanaing'oa simu, shangazi alishakata, na Aikande alikuwa na kizunguzungu cha mtu aliyepanda gari la mkaa. Kasha likawekwa pembeni.

Ya pili iliungwa kwa waya mnene kwenye kompyuta. Picha yake ilikuwa safi hata ungehesabu nyuzi za pazia. Ephraimu akasema hii lazima ijaribiwe na mtu mwenye nguvu, akaiomba, akamnong'oneza Derick, na Derick akamwekea mchezo wa ngumi. Akarusha ya kulia, akarusha ya kushoto, akazunguka kumkwepa adui, akazunguka tena. Waya ukamfuata. Umeme ulipokatika, kama ilivyo desturi yake, alikuwa amefungwa magoti mawili pamoja kama mbuzi wa sikukuu.

"Picha ni nzuri," alisema kutoka sakafuni.

Ya tatu ilijitegemea, haitaki simu wala waya. Kila kitu kimo humo humo, na vishikio viwili vya mkononi. Hii Aikande aliipenda kabla hata ya kuivaa. Tatizo lilikuwa kichwa. Jana yake tu alikuwa amesukwa, nywele zikakusanywa juu kuwa fundo kubwa la heshima, na mkanda wa miwani haukuona pa kupita.

"Hapa ni ama fundo ama biashara, mama," Derick alisema kwa upole.

Aikande alifumua fundo palepale dukani, huku akimwangalia mumewe kwa jicho la kusema usicheke. Derick, kwa kuona mteja aliyekwisha kujitoa mhanga, akamwazima miwani ile aende akaijaribu na kamati, wakiridhika ndipo arudi kununua.

Jumapili baada ya ibada wakapanda mlimani hadi Akheri, nyumbani kwa Mzee Kaanaeli, aliyekuwa akimwoza Anande, binti yake kitinda mimba. Kamati ilikuwa imekaa sebuleni, chupa za chai mezani, migomba ikichungulia dirishani. Aikande akaamkia, akaeleza kwa mara ya mwisho maishani mwake, kama alivyotumaini, kisha akauliza nani ataingia wa kwanza.

Akasimama Shangazi Magreth, dada yake Mzee Kaanaeli, kiongozi wa akina mama usharikani, mwanamke ambaye hata mchungaji akimwona huketi vizuri. Wakamvalisha juu ya kitambaa chake cha kichwani, wakamshikisha vile vishikio.

"Unaona nini, shangazi?"

"Naona kamba. Zimezunguka pande zote."

Aikande akadhani anasema mapambo. "Endelea mbele tu."

"Kuna mtu. Aikande, huyu bwana harusi mbona hajavaa shati?"

Aikande akageuka taratibu kumtafuta mumewe. Ephraimu alikuwa ameinama, anachunguza kamba za viatu vyake kwa makini sana, na hapo Aikande akaelewa nani alikuwa na miwani jana jioni na mchezo gani ulibaki umefunguliwa.

"Shangazi, subiri nikuvue..."

"Mbona anakuja kwa hasira? Wewe! Kijana! Nimekuambia simama! Ah! Amenipiga!"

Ngumi ya kwanza ya Shangazi Magreth ilipeleka chupa ya chai ukutani. Ya pili ilipita juu ya kichwa cha katibu wa kamati, aliyejilaza chini ya meza na karatasi zake. Baada ya hapo hakuna aliyejaribu kumkaribia. Alipigana huku akikemea, akiuliza mtoto wa watu amelelewa wapi, mpaka mwishowe akashusha mikono, akihema.

"Amelala," alisema. "Msimguse, atajirudi mwenyewe."

Akavua miwani. Uso ulikuwa umelowa jasho, na umechangamka kuliko Aikande alivyowahi kuuona. Aikande alipiga magoti kuomba radhi, akiona harusi hii imemponyoka na nyingine zote za mlimani nyuma yake.

"Radhi ya nini?" shangazi alimjibu. "Kwani ukumbi wenyewe uko wapi? Hebu tuone huo sasa."

Aikande akafungua ukumbi kwa mkono wake, akamvalisha Mzee Kaanaeli. Mzee alivua kofia kwanza, kama anaingia kanisani, akatembea polepole akisalimia viti vitupu. Alipotaka kukaa kimojawapo, Ephraimu aliruka akamdaka kabla hajafika sakafuni. Hiyo ilimrudishia heshima kidogo. Rangi mzee hakuisema. Alisimama tu akigeuza kichwa.

"Ndafu itapitia wapi?"

"Mlango mkuu, mzee."

"Mlangoni umesimamisha nguzo mbili za maua. Mbuzi mzima aliyebanikwa, juu ya sinia, na wabebaji wanne. Watapita kwa ubavu?"

Aikande akaichukua miwani, akatazama mwenyewe. Kweli wasingepita. Mbuzi angekwama mlangoni mbele ya ukoo mzima, wapiga picha wakipiga, yeye amejibanza nyuma ya pazia. Akaomba karatasi, nguzo zikahamishwa kwenye mchoro siku hiyo hiyo, na kamati ikakubaliana kila kitu kabla chai mpya haijachemka.

Jumatatu alirudi kwa Derick akainunua ile iliyojitegemea. Nyumbani akatangaza sheria: miwani ni ya kazi, ngumi zifutwe. Ephraimu akaitikia kwa huzuni. Lakini kabla hajazifuta ikaja simu kutoka kwa Shangazi Magreth, kwamba akina mama usharikani wamesikia, na kwenye kitchen party ya Anande, siku ya kumfunda bibi harusi, wanataka miwani iletwe pamoja na yule kijana.

"Shangazi, ile ni ya kuonyeshea mapambo."

"Mapambo tutayaona tukishamaliza naye."

Ndivyo ilivyoanza. Mwezi haukuisha kabla akina mama wa Terrat nao hawajaiomba, na Ephraimu, aliyetaka chombo cha kuchezea jioni, akajikuta kila Jumamosi amefunga duka la vipuri, amesimama katikati ya wanawake wenye vitenge vya sare, anakaza mikanda, anafuta jasho kwenye vioo, anawasihi wasogee mbali na keki. Kucheza mwenyewe hakupata tena nafasi. Jumamosi moja Aikande alikuwa juu ya ngazi aliposikia kofi, halafu sauti ya mumewe ikisema, "Taratibu, mama, adui yuko upande ule." Hakugeuka. Alikuwa na mkunjo mmoja wa pazia uliokataa kukaa sawa.