Kukataa kwa Uthabiti

Kiingereza cha Jailos kilikuwa na sauti kubwa kuliko maana. Alikiokota Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, alikokuwa akimpikia Mzungu mmoja mlevi, na aliporudi Mbeya akaweka meza karibu na soko, akajiita karani. Mezani palikuwa na kidau cha wino, kamusi isiyo na jalada, na miwani aliyoivaa watu wakija na kuivua alipotaka kuona. Watu wa Ilomba walimletea barua zao pamoja na mayai au kichane cha ndizi, naye akawasomea kwa mikogo ya askofu.

Atuganile hakumwogopa karani. Hakumwogopa mtu yeyote. Mdomo wake ulijulikana kuanzia Ilomba mpaka sokoni, na msonyo wake ulitosha kumfanya mwanamume mzima aangalie viatu vyake. Ila Kiingereza hakukijua, na mumewe, Asukile, fundi mwashi, alikuwa amelazwa Iringa kwa ugonjwa wa kifua. Alikwenda kule kujenga nyumba za walimu, akaanza kukohoa damu, wakampeleka hospitali ya misheni. Daktari wa pale alikuwa mgeni, Kiswahili chake kiliishia kwenye "kohoa" na "pole", kwa hiyo barua zake zilikuja kwa Kiingereza. Atuganile alitaka zimwambie jambo moja tu: amfuate mumewe, au abaki nyumbani na binti yao Sekela, na mahindi ambayo hayajapaliliwa.

Barua ya kwanza ilifika Februari 1954, mistari miwili mitupu. Jailos alivaa miwani, akasoma kwa sauti ili hata wauza viazi wasikie, akakwama kwenye *gradual improvement*. Akafungua kamusi. Kurasa za herufi G zilikuwa zimeliwa na panya, lakini hilo lingemzuia mtu mwenye haya.

"Gradual," alisema, "ni neno la gredi. Kuna gredi ya kwanza, kuna gredi ya pili. Improvement ni maendeleo. Mama Sekela, mumeo amepata maendeleo ya gredi!"

"Mgonjwa anapandishwa gredi?"

"Kule Iringa kazi ziko nyingi. Wameona ni fundi, wamempa cheo hapohapo hospitali."

Atuganile alisonya, lakini safari hii alisonya kwa furaha. Mtu akiletewa habari anayoitaka haulizi sana. Aliwatangazia majirani kuwa Asukile amepona na amepata kazi kwa Wazungu, akashika jembe akaenda kupalilia.

Ya pili ilikuja baada ya mwezi. Mara hii Jailos alichangamka, maana maneno yote mawili yaliyomsumbua, *steady decline*, yalikuwa kwenye kurasa zilizosalimika. Alipitisha kidole, akakisimamisha, akapitisha tena.

"Steady ni imara, thabiti. Decline ni kataa." Akavua miwani. "Mumeo anakataa kwa uthabiti."

"Anakataa nini?"

"Barua haisemi. Lakini fikiri mwenyewe, mama Sekela. Mtu kapata gredi Iringa, halafu anakataa. Atakuwa anakataa nini kama si kurudi?"

Palepale Atuganile akamwona akilini mwanamke wa Kihehe, mrefu, shingo imenyooka, anampelekea Asukile ugali kitandani. Alimwona mpaka rangi ya kitambaa chake. Hakumwuliza Jailos neno lingine. Alimnyang'anya kalamu, akaandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi alizofundishwa darasa la ubatizo, akikandamiza karatasi mpaka ikatoboka: *Tumesikia habari yako. Endelea hivyohivyo, wala usiache. Sisi huku hatubabaiki.*

Kwa wiki tatu hakuwa na maneno mengine. Kisimani alimbeza Asukile, kanisani alimbeza, na waliojaribu kumwambia labda mtu huyo bado anaumwa aliwauliza kama na wao wamepata gredi. Halafu ikafika ya tatu, na ndani yake mlikuwa na *decline* tena, ila neno la kando lilikuwa limebadilika.

"Rapid," Jailos alisoma, akakuna kisogo, akafungua kamusi. "Haraka. Sasa anakataa haraka haraka."

"Gwe, wewe Jailos! Mtu anakataaje haraka haraka?"

"Wahehe ndio wamemfundisha hivyo," alisema Jailos, ambaye hakuwahi kufika Iringa hata siku moja.

Atuganile alirudi nyumbani, lakini neno hilo halikumkaa vizuri. Ukaidi aliufahamu, yeye mwenyewe alikuwa nao wa kutosha. Ila haraka? Angeweza kuogopa hapo, na ingefaa aogope. Badala yake alichagua kukasirika, maana hasira aliizoea. Alimwacha Sekela kwa jirani, akapanda basi kwenda kumtukana mumewe ana kwa ana.

Safari ilichukua siku mbili kwa sababu ya tope la Igawa. Njia nzima alipanga matusi yake, lipi litangulie na lipi lifuate, na basi lilipopanda mlima kuingia Iringa alikuwa ameyakariri yote. Alifika hospitali amejifunga khanga kiunoni barabara. Muuguzi Benedicta, binti wa Kibena mwenye sauti ndogo, alimpokea mlangoni.

"Nimekuja kumwona huyo anayekataa," alisema Atuganile.

"Nani anakataa, mama?"

"Asukile. Si mmeandika wenyewe? Kwanza gredi, halafu anakataa kwa uthabiti, sasa anakataa haraka!"

Benedicta alielewa polepole, na alipoelewa akamshika mkono.

"Mama, hakuna gredi. Barua ya kwanza ilisema anapata nafuu kidogo kidogo. Ya pili ilisema anadhoofika, leo kidogo, kesho kidogo, bila kusimama. Ya tatu ilisema sasa anadhoofika kwa kasi. Kiingereza ndivyo kilivyo. Kushuka ni kushuka tu, lakini lile neno dogo la kando ndilo linalokwambia ungoje au ufunge mzigo uje."

Asukile alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Mikono iliyokuwa ikibeba matofali mawili mawili ilikuwa imelala juu ya shuka, mifupa mitupu. Alimwona mkewe akatabasamu.

"Barua yako niliipata, mama Sekela," alisema. "Sista alinisomea. Ukaniambia niendelee hivyohivyo." Akajaribu kucheka, kikohozi kikamkatiza. "Nikasema, huyu mwanamke hata ugonjwa anaubeza. Nimeendelea, basi, mpaka umekuja."

Matusi yote ya siku mbili yalimwishia. Alitaka kumweleza, na aliona aibu. Aliona afadhali Asukile afikiri ulikuwa mzaha, kuliko ajue kwamba mkewe alimwamini Jailos kuliko alivyomwamini yeye. Alimlisha uji kwa kijiko. Siku ya tatu asubuhi Asukile alikufa, na Atuganile hakuwa amemwambia ukweli.

Aliporudi Mbeya, habari ya msiba ikiwa imemtangulia, alikwenda moja kwa moja sokoni, hata kabla ya kumwona mwanawe. Jailos alisimama, akavua kofia.

"Pole sana, mama Sekela. Kifo cha ghafla kinaumiza."

"Ghafla?" Atuganile aliweka mzigo chini. "Alikufa kwa wiki nyingi, kidogo kidogo, na kila hatua waliniandikia. Wewe ndiye uliyekuwa unasoma."

"Nilisoma kilichoandikwa!" Jailos alivimba. "Decline ni kukataa. Kamusi hii hapa, angalia mwenyewe."

Atuganile akaivuta, akainama. Chini ya kidole cha Jailos palikuwa pameandikwa *kataa*. Chini yake, kwa herufi zilezile, palikuwa pameandikwa *shuka, pungua, dhoofika*.

"Na haya?"

Jailos aliyatupia jicho. "Hayo ya chini ni ya kujazia kitabu tu. Maana yenyewe ni ile ya kwanza."

Wauza viazi walisogea. Walijua kitakachofuata, na walitaka kusikia Jailos akivuliwa nguo hadharani. Atuganile alifungua mdomo. Alikuwa na maneno ya kumtosha karani huyu na makarani wengine kumi, lakini hayakutoka, kwa sababu macho yake yalikuwa bado kitabuni. Yale yalikuwa maneno ya Kiswahili. Aliyasoma bila shida yoyote. Mara tatu alikuwa amekaa mbele ya meza ile, kamusi ikiwa wazi hatua moja kutoka puani pake, na mara zote tatu alikuwa ametazama pembeni, kwa kuwa aliona kuchungulia kitabu cha mtu kama Jailos ni kujishusha.