Mkwe kwa Kitanda ya Kuzalia

Vincent Murunga alikubali kuzaa juu ya Nabwire, mpenzi wake. Hakuna sababu ingine.

Jumamosi ilikuwa aende Kawangware 46 kujionyesha kwa kina Nabwire. Mamake Nabwire hakuwa amewahi kumwona hata kwa picha, na Nabwire alikuwa amesema wazi: mathe akikataa, imeisha. Sasa Alhamisi, Sista Rachael, mkunga wa Kambi Muru mwenye Vincent hubeba na boda kila akiitwa, akamshika shati.

"Vinny, leo chama yetu ya wakunga inatia saini mkataba na chama ya wakunga wa Norway. Wanataka kwanza kuona venye tunazalisha, na ile doli ya mama mjamzito wameisahau kwao."

"Si mchukue mwanamke?"

"Mwanamke gani wa Kambi Muru atalala hapo ajifanye anaumwa? Si ni kujiitia mimba? Hata Mama Aoko amekataa, na alifunga kizazi."

"Na mimi je?"

"Wewe utajiitia nini? Lala hapo, na mimi nitakuongelelea kwa mamake Nabwire. Ni mwanachama wetu."

Hapo Vincent akaisha. Dakika tano baadaye alikuwa kwa kitanda ya kliniki, leso kichwani, mtoto wa plastiki amefungwa kwa tumbo, ndevu zimetokea chini ya leso kama za mbuzi ya Krismasi.

Mgeni wa Norway akaingia. Aliitwa Inger, mrefu hadi akagonga mlango na paji la uso, na Kiswahili alikuwa amesomea kwa kitabu.

"Shikamooni nyote."

Watu wakaangaliana.

"Poa sana," Rachael akajibu, akivuta mkunga mwenzake aingie. "Na huyu ndiye atazalisha. Mkunga wetu mwenye miaka thelathini kwa kazi, Sista Nasipwondi, kutoka Kawangware 46."

Vincent akakumbatia ile tumbo ya plastiki. Nasipwondi! Huyo ndiye mamake Nabwire. Na huko kwao Busia, mama mkwe hasalimiani na mkwe kwa mkono. Akimwona kwa njia anaingia kwa mahindi kujificha. Sasa huyu hapa, anavaa glavu, anasema, "Tanua miguu, mama."

Vincent akamwangalia Rachael. Rachael, mwenye alikuwa amekumbuka saa hiyo hiyo kuwa huyo ndiye mamake Nabwire, akaangalia dari.

Vincent akafunga miguu kama makasi na kuvuta shuka hadi kwa pua.

"Mama huyu anaogopa," Inger akasema kwa huruma, akatoa fomu. "Tuanze na maelezo yake. Jina lako nani, mpendwa?"

"Celine," Vincent akasema na sauti nyembamba.

"Mtoto wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Inaonekana," Sista Nasipwondi akasema. "Amekaza kama kufuli. Tanua!"

"Na mwenzi wako anaitwa nani?"

Fomu ni kitu mbaya. Unajibu kabla ufikirie. "Nabwire," ikamtoka, na ile sauti yake nzito.

Glavu za Sista Nasipwondi zikasimama hewani.

"Nabwire wa wapi?"

"Wa... forty-six."

"Wewe ni Murunga?"

"Ni mimi, mama. Pole."

"Uuuwi!" Sista akageuka kama ameungua, akabandika paji la uso kwa ukuta, mikono juu. Vincent naye akajifunika shuka mwili mzima kama maiti.

Rachael akaona saini ikienda. Lakini Inger alikuwa anaandika mbio mbio. "Mkunga mkuu anatazama ukuta. Kwa nini?"

Rachael hana haya. "Ni heshima. Tunapea mama nafasi. Mgeni ndiye hushika, mkubwa anaongoza."

"Mimi?" Inger akatokwa na machozi ya furaha.

Mlango ulikuwa hatua mbili. Lakini kwa miaka thelathini Sista Nasipwondi hajawahi kuacha mama katikati ya uchungu, hata mwenye ndevu.

"Mwambie huyo mama apumue," akaambia ukuta.

"Pumua," Inger akasema.

"Asukume. Na aseme anafanya kazi gani."

"Sukuma. Unafanya kazi gani?"

"Boda!" Vincent akalia ndani ya shuka.

"Anakunywa?"

"Unakunywa?"

"Krismasi tu! Aaai!"

"Huo ni uongo. Asukume tena."

"Sukuma tena."

"Na wikendi!"

"Sasa muulize, anampenda Nabwire ama anamchezea?"

Inger akauliza. Vincent akatoa pua nje ya shuka.

"Mwambie mama nimekubali kuzaa juu yake. Nimpende aje ingine?"

Inger akaambia ukuta neno kwa neno. Halafu mabega ya Sista yakaanza kutingika, na Rachael akadhani analia. Kumbe ni kicheko.

"Kichwa imetoka?"

"Kimetoka!" Inger akapiga kelele, akivuta mtoto wa plastiki na kamba zake zote.

"Basi mwambie Jumamosi asikuje." Vincent akakaa wima. "Akuje Jumapili nikiwa kanisani. Mzee wangu atampokea. Na alete kuku ya kunisafisha macho kwa haya nimeona."

Saini ikatiwa. Jumapili Vincent akapeleka kuku, jogoo mkubwa hadi ikapanda boda kama abiria, na mzee akamwambia Nabwire aongeze maji ya chai.

Mwezi uliofuata, Rachael akatumiwa picha kutoka Norway. Wakunga sita wametazama ukuta, mikono juu, na kitandani mama mmoja amechanganyikiwa kabisa. Chini ya picha Inger alikuwa ameandika: "Kila mama tunamuuliza kama hunywa wikendi, naye husukuma vizuri mno. Tafadhali tuelezeni jambo moja tu: kuku huletwa lini?"